Barua Zetu Hulala kwa Nani?

Mara nyingi katika kurasa za namna hii tumesoma malalamiko kwamba Kiswahili nchini Uganda kinasemwa na kufundishwa, lakini hakiandikwi. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lugha hii huimbwa kwenye sherehe za tarehe 7 Julai, husemwa gereji na katika kambi za askari, hutahiniwa mwisho wa muhula. Ila mwalimu wa Kiswahili akitaka kumwandikia mwalimu mwenzake habari ya mtihani, ya msiba au ya kitabu alichokiazima, kalamu yake hukimbilia Kiingereza. Sababu zinazotolewa twazijua sote: kumbukumbu ya enzi ya Amin na amri yake ya mwaka 1973, uhaba wa vitabu, dharau za wazazi. Hatuzikanushi. Sisi walimu wachache tukaao Kawempe tunataka kuongeza sababu moja ambayo hatujaiona ikitajwa, nayo ni hii: sisi watu wa Kiswahili hatuna posta.

Kwa neno posta hatukusudii lile jengo la Kampala Road lenye masanduku ya chuma. Twakusudia mahali ambapo barua hupokewa, hupangwa, hulazwa na kutunzwa, pamoja na mtu ashikaye ufunguo wa mahali hapo. Leo hii mwalimu wa Bwaise akimwandikia mwenzake wa Kanyanya, mwendo usiofika kilomita kumi, barua yake hupanda mnara wa simu, hukatiza nchi ya Kenya, huzama baharini, na kwenda kulala katika ghala la kompyuta la kampuni ya kigeni. Kisha hurudi safari yote hiyo hadi Kanyanya. Aliyeandika hajui imelala wapi. Aliyepokea hajui itakaa muda gani. Wote wawili wameambiwa kwamba huduma hiyo ni ya bure, nao wameshukuru.

Hatulalamikii urefu wa safari, maana umeme hauchoki. Tunalalamikia ufunguo. Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu mzima anayeheshimika katika kazi hii, alikuwa ameweka katika sanduku lake la barua pepe kazi ya miaka tisa: orodha za maneno ya Kiganda na ya Kiswahili yafananayo kwa umbo na kutofautiana kwa maana, alizokuwa akijitumia mwenyewe kila Jumapili kwa kuwa hakuwa na kompyuta ya kudumu. Siku moja kampuni ya ng'ambo iliyomlazia barua hizo ilimtaka athibitishe kwamba yeye ndiye yeye, kwa namba ya siri iliyotumwa katika laini ya simu aliyokwisha kuipoteza. Hakuweza. Aliandika maombi, alijibiwa na mashine. Alitafuta ofisi ya kuendea na kubisha hodi. Ofisi haikuwapo, si Kampala wala Nairobi. Hadi leo orodha zile zipo mahali fulani duniani, nzima, na mwenyewe hawezi kuzisoma. Je, angalikuwa ameziweka katika shubaka la nyumba yake, nani angalimwomba athibitishe jina?

Tena yapo mambo mawili ambayo kila msomaji wa Uganda ameyaona kwa macho yake. Mwezi Januari 2021, kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa amri tangu jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, Afrika Mashariki yote ikaona intaneti ikijikokota. La kwanza lilikuwa kazi ya watu na la pili ajali. Lakini kwa mwalimu aliyetaka kumpelekea jirani yake karatasi mbili za maswali yote mawili yalikuwa sawa. Jirani yuko ng'ambo ya ukuta, sauti yake inasikika, watoto wake wanacheza uani, na barua haifiki. Hatuandiki haya ili kuingia katika siasa. Tunauliza swali la mtu wa kawaida: kwa nini barua ya uani ikatwe na wembe wa baharini?

Tusidhani kwamba jambo hili lilianza na kompyuta. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18, kwa hati ya Kiarabu, ya mapema kati yake ikiwa ya mwaka 1711. Kila mwalimu wa historia ya lugha huzitaja. Lakini zilitunzwa wapi? Hazikutunzwa Kilwa, wala Zanzibar, wala Mombasa. Zilitunzwa Goa, Bara Hindi, katika nyaraka za Wareno, kwa sababu waliopokea barua zile walikuwa na ofisi ya kupanga na kulaza karatasi. Twawashukuru kwa kutunza. Hata hivyo yatupasa kuuliza ni barua ngapi ambazo Wakilwa waliandikiana wao kwa wao, kuhusu ndoa, deni na shamba, na ambazo hazikumhusu Mreno yeyote. Hizo zimekwenda wapi? Kilichosalia ni kile tu kilichomhusu mgeni. Mtu atakayetaka kujua mwaka 2300 jinsi walimu wa Kampala walivyoandikiana Kiswahili katika karne hii atakuwa katika hali ile ile, tena mbaya zaidi, maana Goa walau ilikuwa na karatasi.

Sasa tuje nyumbani. Wapo wanaotuambia kwamba posta ya kompyuta ni jambo la Wazungu na la matajiri, na kwamba mtu wa Kawempe hana la kufanya isipokuwa kujiandikisha na kusubiri. Tunawajibu kwa historia ya mahali petu wenyewe. Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kwa mipaka ya utawala kimo katika Divisheni ya Kawempe, kilikuwa na posta yake ya kompyuta kabla intaneti haijafika Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Charles Musisi aliendesha pale kituo kilichojulikana kwa jina la MUKLA, kwa mtindo wa Fido, ule uliobuniwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Mtindo huo ulikuwa wa kimaskini na wa busara. Barua zilikusanywa katika kompyuta moja hapa hapa; zikishajaa kapu, modemu ilipiga simu, ikapakua mzigo wote kwa dakika chache, ikapokea mzigo wa kurudi, ikakata simu. Vituo vingi vya namna hiyo barani Afrika vilipitisha barua zao katika lango la GreenNet mjini London. Barua ya kutoka idara moja ya Makerere kwenda nyingine haikuwa na haja ya kupiga simu hiyo hata kidogo. Mwaka 1995 jina la nchi yetu katika intaneti, .ug, likasajiliwa, na Musisi akawa mwenye kulisimamia.

Tazama basi mahali tulipofika. Katika kilima kile kile, kwa simu za waya zilizokuwa zikikatika na kompyuta ambazo leo mtoto angezicheka, watu waliweza kulaza barua zao nyumbani. Sisi ambao kila mmoja wetu ana mfukoni mashine yenye nguvu kuliko zile hatuwezi. Si kwamba uwezo umepungua. Kilichopungua ni ile nia ya kushika ufunguo.

Ndiyo maana tukaamua kujaribu, si katika chuo wala katika ofisi, bali katika nyumba. Nyumba yenyewe iko juu kidogo ya Bwaise: ua mmoja wenye nyumba ya mwenyewe, ambaye ni mwalimu, na vyumba vinne vya kupanga, vile ambavyo Waganda huviita mizigo (mwalimu wa Kiswahili aliyetoka pwani alipoambiwa mara ya kwanza kwamba familia nzima inakaa katika muzigo alifikiri anafanyiwa mzaha). Wakaao humo ni walimu watatu, fundi cherehani, muuguzi na watoto wa shule tisa. Mashine tuliyoitumia ni kipakatalishi kikuukuu chenye kioo kilichopasuka. Tulikichagua kwa makusudi, kwa sababu betri yake, ingawa imechoka, hukishikilia zaidi ya saa moja umeme ukatikapo au uniti za Yaka ziishapo. Kompyuta ndogo za kisasa zile za ukubwa wa kiganja, zitumiazo wati zisizofika kumi, ni nzuri zaidi kwa matumizi ya umeme, lakini hazina betri. Tulikiweka juu ya rafu, mita moja na nusu kutoka sakafuni. Anayeijua Bwaise wakati mfereji wa Lubigi unapofurika hatauliza kwa nini.

Kazi yenyewe si uchawi. Mfumo wa kompyuta ni Debian, ambao hauna bei. Programu mbili ndizo zifanyazo posta: Postfix, iliyotungwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hupokea barua na kuigawa, Dovecot, ya Timo Sirainen, iliyotoka mwaka 2002, humfungulia kila mtu sanduku lake ili asome kwa simu au kwa kompyuta. Ruta ya nyumba huzipa mashine namba zianzazo na 192.168, namba ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu na hazitoki nje. Jina la nyumba tulilichukua chini ya home.arpa, ambalo tangu mwaka 2018 limetengwa kwa mitandao ya majumbani, hivyo hatukumnyang'anya mtu jina wala kulipia. Kila barua hulazwa kama faili moja katika folda ya mwenyewe. Barua ya ukurasa mmoja isiyo na picha ni kilobaiti chache tu. Flashi ya gigabaiti 32 ingebeba barua za namna hiyo milioni kadhaa, yaani nyingi kuliko ambazo ua mzima utaandika hadi watoto wale wawe na wajukuu. Tahadhari kubwa ni moja: Postfix iamriwe kupokea barua za kupeleka kutoka mtandao wa ndani peke yake. Anayeacha mlango huo wazi kwa ulimwengu atawakuta wezi wa barua taka wamehamia kwake kabla ya mapambazuko.

Hapa turuhusiwe kusimama kidogo, kwa sababu tuliona jambo ambalo walimu wa lugha watalipenda. Mashine za posta huzungumza kwa itifaki iliyoandikwa na Jon Postel mwezi Agosti 1982, na itifaki hiyo, ukiitazama, ni adabu ya mlangoni. Mgeni akifika na kubisha, mwenyeji huanza kwa kumkaribisha na kutaja jina la nyumba. Mgeni hujibu kwa salamu na kujitambulisha. Kisha hutaja mzigo watoka kwa nani, hungoja aambiwe vema. Hutaja unakwenda kwa nani, hungoja tena. Ndipo hukabidhi barua yenyewe, huambiwa imepokewa, huaga na kwenda zake. Asiyesalimu hafai kupokewa, na zipo seva zimkataazo kabisa. Tulipowaeleza watoto wa kidato cha pili hatua hizo kwa maneno ya hodi na karibu walizishika katika kipindi kimoja. Mafundi tuliowauliza kabla ya hapo walikuwa wametuambia kwamba somo hilo haliwezekani kufundishwa kwa Kiswahili kwa kuwa hakina maneno.

Maneno! Kuhusu hayo tuna ugomvi, na hatutauficha. Kwa miaka mingi wataalamu wetu wamekuwa wakishindana kuhusu jina la chombo: huyu asema tarakilishi, yule ngamizi, wa tatu kompyuta, huyu wavuti, yule tovuti, mwingine mdahalishi. Makongamano yameitishwa na posho zimelipwa. Hatuna chuki na kazi ya istilahi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba neno hukaa pale linapokutana na kidole cha mtumiaji. Ila istilahi nyingi za baraza hufa kwa sababu hazikuzaliwa na haja. Posta, kwa upande wake, Kiswahili kinayo tangu zamani, tena kamili: barua na anwani kutoka Kiarabu, stempu kutoka Kiingereza, sanduku, bahasha, muhuri, na yule mtu wa kuchukua barua aitwaye tarishi. Kilichokosekana ni seva ya kuyatumia maneno hayo.

Tutatoa mfano mmoja. Barua isipofika, Postfix humrudishia mwandishi taarifa kwa Kiingereza, ikiomba radhi kwamba ujumbe haukuweza kufikishwa. Anayeitia sahihi taarifa hiyo hujiita kwa jina ambalo neno lake la pili, kwa Kiingereza cha kawaida, ni pepo au jini. (Neno hilo liliingia katika ufundi wa kompyuta huko Marekani katika miaka ya 1960, kutokana na kijini cha kufikirika cha mwanafizikia Maxwell, nalo halina ubaya wowote.) Binti wa fundi cherehani alikosea anwani, akapokea taarifa ile, akatuuliza ni pepo gani anayerudisha barua za watu. Kaka yake akamjibu kwamba ndiyo maana zikaitwa barua pepe. Ua wote ukacheka kwa siku mbili. Lakini Postfix humruhusu mwenye seva kuziandika upya taarifa hizo kwa maneno yake, nasi tukakaa jioni tatu, walimu watatu na muuguzi mmoja, tukibishana. Je, tuseme barua imerudishwa, au imekataliwa, au haikufika? Imekataliwa huumiza bila sababu, kwani aghalabu kosa ni la herufi moja. Imerudishwa haisemi ni kwa nini. Tukakubaliana hivi: “Barua yako haikufika. Tazama tena jina la uliyemwandikia. Ni mimi, Tarishi wa nyumba.” Katika ubishi ule yalitajwa maneno mengi ya ufundi, na hakuna hata mmoja aliyelipwa posho.

Sasa tuyajibu yale yanayosemwa dhidi yetu.

Wa kwanza husema: mbona tuna WhatsApp? Tunayo, na tunaitumia kwa salamu za asubuhi na picha za arusi. Lakini aonyeshwe kwetu mtu awezaye kutafuta leo rasimu ya mtihani iliyopelekwa katika kundi la walimu mwaka 2019. Simu imeibwa, laini imebadilika, kundi limefungwa. Zaidi ya hayo, tangu Julai 2018 hadi katikati ya 2021 kila mtu wa Uganda alilipa shilingi 200 kwa siku ili afunguliwe milango ya namna hiyo, kisha ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Hatubishani hapa juu ya uhalali wa kodi. Tunaonyesha tu kwamba mlango wenye mwenyewe hutozwa kiingilio, na kwamba barua ya ndani ya ua, isiyotumia hata baiti moja ya kifurushi, haina mahali pa kutozwa.

Wa pili ni fundi, naye husema: seva yenu ya nyumbani haitaweza kupeleka barua nje, kampuni kubwa hukataa barua zitokazo katika namba za majumbani, na kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango namba 25. Asemalo ni kweli, na amelisema kana kwamba ametumaliza. Hatukuomba kupeleka nje. Barua za ndani hubaki ndani. Za nje hukabidhiwa kwa seva ya kampuni yenye sifa nzuri ili izipitishe kwa nywila yetu, na za kutoka nje huchotwa mara moja usiku na kugawanywa nyumbani. Ndivyo MUKLA ilivyofanya kazi. Fundi aliyezaliwa baada ya 1995 asidhani kwamba kukusanya mzigo na kuupeleka kwa mkupuo ni ujinga. Ni hesabu ya mtu mwenye fedha kidogo.

Wa tatu ana hoja nzito kuliko wote, na twashangaa kwamba hutolewa mara chache. Husema: mwenye mashine aweza kusoma barua za wote. Naam, aweza. Katika nyumba yenye mwenye nyumba na wapangaji, yenye mume na mke na binti wa miaka 16, jambo hilo si dogo. Kampuni ya mbali husoma au haisomi, lakini haikai nawe mezani. Sisi tuliweka masharti matatu: nywila ya msimamizi iligawanywa nusu kwa nusu kati ya watu wawili wasio wa familia moja, ili hakuna aingiaye peke yake, diski ilifichwa kwa maandishi ya siri, hivyo mwizi wa mashine ataiba chuma tu, na kila mpangaji akihama huondoka na folda yake katika flashi, kisha ya kwake hufutwa mbele ya macho yake. Hatudai kwamba masharti haya yanatosha kila mahali. Twajua nyumba ambazo hatungeshauri ziwekwe seva kabla ya wenyewe kujifunza kubisha hodi kwenye vyumba vya watoto wao.

Sheria nayo imo. Tangu mwaka 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na mwalimu akusanyaye majina, umri na alama za watoto wa watu anawajibika kuzilinda. Ni walimu wangapi, tunauliza, ambao orodha za alama za shule nzima zimelala katika masanduku yao binafsi, katika nchi ambazo hawazijui, zikisubiri siku laini ya simu itakapopotea?

Wa nne tunamjibu kwa ufupi, kwa kuwa ni mwenzetu na anatuudhi. Husema kwamba kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni sarufi na fasihi, mengine ni ya mwalimu wa kompyuta. Huyu ndiye yule ambaye insha zake za barua ya kirafiki na barua rasmi hufundishwa kwa kuchora mistari ya anwani upande wa kulia wa ubao. Tangu mwaka 2020 mtaala mpya umekifanya Kiswahili kuwa cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ikakiita lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikipitisha tena na kutaka kifundishwe tangu shule za msingi. Amri zimetoka za kutosha. Mtoto atamwandikia nani barua hiyo rasmi? Katika ua wetu wale watoto tisa waliandikiana, kwa miezi mitatu ya kwanza, barua zaidi ya mia nne, nyingi zikiwa za matusi madogo na maombi ya kuazimana kalamu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda kiasi cha kumtoa mtahini machozi. Tumezihifadhi zote waliotupa ruhusa. Kwetu sisi zina thamani kuliko insha elfu moja zilizonakiliwa ubaoni, kwa kuwa kila moja ilikuwa na mtu aliyengoja jibu.

Mwisho twawageukia viongozi wa vyama vyetu vya walimu. Mialiko ya mikutano ya Kiswahili imekuwa ikitufikia kwa Kiingereza, kutoka masanduku ya bure yenye majina ya makatibu waliokwisha kuhama, na kumbukumbu za vikao vya nyuma hazipatikani kwa sababu katibu aliyepita ameondoka na nywila. Tunataka mambo mawili tu. Kila tawi liwe na mashine moja ya posta, hata kama ni kuukuu, katika shule au nyumba itakayokubaliwa na wanachama, na nakala ya akiba ya barua zake iwekwe katika tawi la jirani, diski kwa diski, ili moto au maji yasifute mahali pote pawili. Na barua zote za chama ziandikwe kwa Kiswahili. Sisi wa Kawempe tuko tayari kumfundisha yeyote atakayekuja na kipakatalishi chake siku ya Jumamosi. Gharama ni nauli na chai.

Ama mwaliko ujao, ukitufikia tena kwa Kiingereza, utarudishwa kwa mwandishi pamoja na taarifa ya Tarishi wetu kwamba haukufika.